Uzi: Umoja wa wakazi wa mtaa unaovuka zaidi ya msimu mmoja wa mvua, mnaufanyaje?

Mkazi wa Bondeni (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila masika ikikaribia, mitaa ya pembezoni mwa Dar inazaa "umoja wa wakazi". Kundi la WhatsApp linafunguliwa, watu wanajaa, mwenyekiti anapatikana kwa kuwa ndiye aliyekuwa na namba za watu wengi, mchango wa kifusi unatangazwa. Tipa mbili zinamwagwa kwenye shimo, magari yanapita, watu wanapongezana. Ikifika vuli, kundi limebaki la matangazo ya viwanja, salamu za Ijumaa na dawa za nguvu za kiume. Mwaka unaofuata anaibuka mwingine na kundi jipya lenye neno "Mpya" mwishoni. Mimi nipo kwenye makundi kadhaa ya aina hiyo, sijajitoa kwa aibu tu.

Huku kwetu wilaya ya Ubungo mimi ni katibu wa umoja ambao haujafa. Si kwamba sisi ni watu wema kuliko mitaa ya jirani, tunagombana vizuri tu. Naona sababu kubwa ni moja, nyingine zinaisindikiza. Nitaziweka hapa, wenye uzoefu tofauti mje mnipinge.

Sababu kubwa ni kwamba hesabu inasomwa. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi mweka hazina anatupia kwenye kundi picha ya ukurasa wa daftari, hata kama mwezi huo haikuingia wala kutoka shilingi. Watu wengi wanadhani umoja unauawa na wizi. Wizi upo, siukatai. Lakini mara nyingi hela haijaguswa, imekaa tu kwenye simu ya mtu miezi minne bila neno, na miezi minne ya ukimya inatosha mtaa mzima kuamini kuwa imeliwa. Ukija na mchango wa pili hupati kitu. Mweka hazina mwaminifu anasikia anasemwa dukani, anasusa, anarudisha daftari. Hapo umoja umekwisha na hakuna aliyeiba.

Za kusindikiza sasa.

Anzeni na kazi moja ambayo mtu akitoka getini kwake anaiona. Kwetu ilikuwa kuzibua mtaro na kuweka kalavati kwenye njia inayokwenda barabara kuu. Kamati inayoanza na mambo saba (ulinzi, maji, taka, barabara, taa, msiba, vikoba) haimalizi hata moja, na kila kundi dogo ndani ya mtaa linajiona limetapeliwa kwa sababu jambo lake halikutangulia.

Pili, jueni mpaka wenu na serikali ya mtaa. Serikali ya mtaa ipo kisheria, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982. Mwenyekiti anachaguliwa na wakazi kila baada ya miaka mitano, mara ya mwisho Novemba 2024, na afisa mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri. Umoja wenu ni watu waliokubaliana tu. Hamna mamlaka ya kumpiga mtu faini, kumwita barazani wala kumfungia maji. Umoja ukianza kujiona ni serikali ndogo, mwenyekiti wa mtaa anaona mmekuja kumpindua, na barua zenu zote zinalala kwenye droo yake.

Tatu, kiwango cha mchango kipangwe kwa kumtazama yule anayeuza vitumbua, wenye magari mawili wajipime wenyewe kuongeza. Wenye nazo wakipanga kiwango chao, nusu ya mtaa inajitenga siku ileile na hairudi.

Uzi uko wazi.

Nimekaa Pale

Nawahi siti ya mbele. Hapo kwenye salamu za Ijumaa umenigusa mkuu, kundi letu lina watu 180 na hakuna anayejua mwenyekiti ni nani.

Kodi Nalipa

Mimi huwa sielewi hii habari. Kuna TARURA ya barabara, kuna halmashauri, kuna mbunge, kuna diwani. Nakatwa kodi kwenye mshahara, kwenye mafuta, kwenye umeme wa LUKU. Halafu Jumapili jirani anakuja na daftari eti kifusi. Mkizoea kujitengenezea barabara, serikali itakuja lini? Mnawafundisha uvivu.

Mkazi wa Bondeni

Mkuu @Kodi Nalipa, hoja yako ni ya haki na kila kikao chetu kina mtu wa kuisema. Barabara za mitaa ni kazi ya TARURA tangu ilipoanzishwa mwaka 2017, hilo halina ubishi. Ila mtaa usio na umoja unadai kwa kulalamika, kila mtu kivyake, na malalamiko hayana namba ya jalada.

Sisi kifusi ni dharura tu ya mvua. Kazi yetu kubwa ni barua. Na barua ya "barabara yetu ni mbovu" haina msaada, kila barabara ni mbovu. Yetu inataja njia inaanzia wapi na kuishia wapi, urefu wake kwa mita, kaya ngapi zinaitegemea, kama kuna shule au zahanati mbele yake, na picha mbili za sehemu ileile: moja ya kiangazi, moja ya siku ya mvua. Nakala moja mnapeleka na kugongesha muhuri wa "imepokelewa", hiyo mnabaki nayo. Inapitia kwa mtendaji wa mtaa, inakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti.

Na angalia kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, lakini halmashauri zinapika bajeti miezi mingi kabla. Barua ya mwezi wa tano, maji yakiwa magotini, imeshachelewa kwa mwaka huo mzima. Andikeni vuli inapoanza. Tena upo Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, wa sheria ya 2009, ambao kamati yake inaongozwa na mbunge. Ule unapenda mradi ambao wananchi wameshaanza. Kalavati lililowekwa nusu kwa michango linaongea kuliko hotuba.

Mama Daftari

Niruhusuni niongee kama mweka hazina, maana kila mtu anapenda kutuhukumu na hakuna anayetaka kushika hicho cheo.

Mleta uzi umesema kweli lakini umepita haraka. Kusoma hesabu kuna namna yake. Ukisema "tumekusanya laki nne, zimetumika kwa shughuli za mtaa", umewaongezea watu wasiwasi. Mimi naandika hivi, na naomba mnakili:

Salio la mwezi uliopita: 138,000
Zimeingia, kaya 41 kwa 10,000: 410,000
Jumla: 548,000
Zimetoka:
Walinzi wawili: 360,000
Vijana wa kuzibua mtaro: 60,000
Betri za tochi: 8,000
Makato ya kutuma na kutoa: 7,500
Jumla iliyotoka: 435,500
Salio: 112,500
Kaya ambazo bado: 9

Angalieni mstari wa makato. Ugomvi wa mitaa unaanzia pale. Mtu anatuma elfu kumi bila ya kutolea, anaandika "nimelipa", wewe unakuta ukitoa inapungua. Ukiifidia mfukoni kwako kwa wema, mwezi wa tatu umechoka, unaanza kuifidia kwenye hela ya mtaa bila kuandika, na sasa daftari haliendani na simu. Andika makato kila mara, hata kama ni mia tano.

Stakabadhi nayo. Dereva wa tipa ya moramu hana risiti, wala kijana wa kuzibua mtaro. Mimi napiga picha tipa ikiwa inamwaga, namba ya gari ionekane, halafu dereva anasaini kwenye daftari pembeni ya kiasi alichopokea. Kijana wa mtaro anasaini, asiyejua kusaini anaweka dole gumba, na mjumbe mwingine wa kamati anasaini kama shahidi. Anayetaka kuja kukagua aje nyumbani Jumamosi, daftari lipo kabatini juu ya vikombe. Huwa wanakuja wawili watatu, tena walewale. Inatosha, wengine wanataka kujua tu kwamba mlango uko wazi.

Na hela ya watu isikae kwenye laini yangu ninayonunulia mboga. Fungueni akaunti ya kikundi. Kuna benki, na kuna huduma za kikundi kwenye simu kama M-Koba, ambako hela haitoki mpaka walioteuliwa waidhinishe. Watia saini wawe watatu, wowote wawili wanatosha kutoa. Watatu hao wasitoke ukoo mmoja wala ibada moja. Nasema hivyo nikijua nitachukiwa.

Kifusi Mbili

Mama Daftari chukua soda kwa mangi, nalipa mimi. Ila hiyo ya ibada moja kwetu imekuwa vita kweli kweli.

Mpangaji Halali

Mimi naomba niulize wenye nyumba humu. Mnaitisha kikao mnaandika "wenye nyumba wote mnakaribishwa". Mnakaa, mnapanga kiwango. Kesho yake mlinzi anakuja kugonga kwangu mimi mpangaji, elfu kumi. Kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, anayenunua umeme ni mimi. Sasa nalipa kodi ya jengo lisilo langu, nalipa ulinzi niliopangiwa, na kura sina. Mnashangaa nini nikisema sina hela?

Mkazi wa Bondeni

Mkuu hapo umesema jambo ambalo linaua umoja mwingi kimyakimya, kwa sababu kwenye mitaa mingi ya Dar wapangaji ndio wengi.

Sisi tumegawa michango mafungu mawili. Kinacholiwa mwezi huohuo, yaani ulinzi, taka, taa, kinalipwa na anayelala kwenye nyumba hiyo. Kinachobaki ardhini, yaani kalavati, moramu, nguzo ya taa, kinalipwa na mwenye nyumba, kwa sababu hata ukihama wewe, thamani inabaki kwake. Anayelipa fungu ndiye anayepigia kura fungu hilo. Ulinzi ukijadiliwa, mpangaji ana kura sawa na mwenye ghorofa. Na kwenye kamati kuna nafasi mbili za wapangaji, haziguswi. Nyumba yenye wapangaji sita wa chumba kimoja kimoja haihesabiwi kaya sita, tulikubaliana walipe nusu kiwango kila mmoja. Wengine humu wataona si haki, sawa, kila mtaa upige hesabu yake.

Ugumu uliobaki ni wenye nyumba wanaoishi mbali. Yupo aliyeko Mwanza, yupo Muscat, yupo mwingine Minneapolis. Tulichogundua ni kuwa hawa wakipata ile picha ya daftari wanalipa kuliko sisi tuliopo, tena mwaka mzima kwa mpigo. Wanaogopa kuibiwa wakiwa mbali, wakioneshwa wanatulia.

Mzee wa Shina

Vijana, kuna jambo hamlijui mnalizunguka. Zamani kazi hii yote ilikuwa ya balozi wa nyumba kumi. TANU ndiyo iliyoanzisha mfumo ule miaka ya 60. Mgeni akilala kwako balozi anajua, kuku akiibiwa balozi anajua, mke na mume wakitupiana sufuria balozi anaitwa kabla ya polisi. Ulikuja mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, chama na serikali vikaachana, balozi akabaki mtu wa chama. Kwa hiyo nyumba isiyo ya chama kile haimtambui, na hawezi kuilazimisha. Pakabaki pengo kati ya mlango wa mtu na ofisi ya mtaa. Umoja wenu ndio unaojaza pengo hilo, hata kama hamjui.

Nawashauri kitu kimoja tu. Msifanyie vikao kwenye ofisi ya chama chochote, wala kwenye baa yenye bendera, wala mtu asije na kofia ya rangi. Mwaka wa uchaguzi kamati iandike kabisa: anayechukua fomu ya uongozi wowote wa kisiasa anajivua ujumbe. Nimeona umoja mzuri ukifa kwa sababu mwenyekiti wake aligombea udiwani. Alishindwa, na wote waliokuwa wanamchangia wakajiona walikuwa wanamfanyia kampeni.

Mkaazi wa South B

Hamjambo ndugu zetu wa Bongo. Sisi huku Nairobi jina la Nyumba Kumi tulilichukua kwenu baada ya shambulio la Westgate, Septemba 2013. Serikali ikasema kila mtu amjue jirani yake. Lakini kwetu likaja kupitia kwa chifu, kwa hivyo watu wengi wa estate waliliona ni jambo la usalama na upelelezi, wakaendelea na resident association zao kando.

Hizo association zetu zina nguvu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe kabla kaunti haijapitisha mipango. Kwa hivyo kukitokea mtu anataka kujenga ghorofa kumi na mbili katikati ya bungalow, tunaenda na barua, tunaweka pingamizi, na wakati mwingine tunaenda kortini. Kule Karen na Lang'ata wana chama cha wakazi tangu 1940, na kazi yake kubwa imekuwa hiyo ya kulinda mpango wa ardhi. Ya pili ni kwamba tunaungana. Kuna muungano wa vyama vya wakazi wa nchi nzima, KARA, tangu 2000. Estate moja ikipiga kelele hakuna anayesikia, zikija thelathini afisa anatoka ofisini.

Udhaifu wetu ni kwamba mambo mengi yamekuwa ya watu wa estate zenye ukuta. Mtaa wa mabanda ulio nyuma ya ukuta haumo. Maji taka yao na yetu yanapita mtaro mmoja lakini vikao ni viwili.

Mgambo Mstaafu

Nitaongea ulinzi kwa sababu naona mmeuweka tu kwenye orodha ya matumizi.

Sungusungu ilianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 80 kwa ajili ya wezi wa ng'ombe, ikaenea, na baadaye sheria ikaitambua. Mjini imekuwa ulinzi shirikishi. Ni kitu kizuri sana kikiwa na mipaka, na ni kitu cha kupelekea kamati nzima jela kisipokuwa nayo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake. Hapohapo inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumfunga kamba mpaka asubuhi ili "mwenyekiti aje amuone" haimo. Kumchapa haimo. Kijana akifa mikononi mwa walinzi mnaowalipa ninyi, daftari lile zuri la Mama Daftari ndilo litakaloonesha nani alikuwa mwajiri wao.

Kwa hiyo, kabla ya kununua tochi na firimbi, kamati iende kituoni, ijitambulishe kwa mkaguzi wa polisi wa kata, ipeleke majina na picha za walinzi. Walinzi wapewe namba yake na 112. Zamu iandikwe. Mlinzi asiwe mtu ambaye hakuna anayejua kwao. Na mumlipe tarehe moja kila mwezi. Mlinzi asiyelipwa miezi miwili anajua saa ya kila mmoja wenu kutoka na kurudi.

Nimekaa Pale

Hiyo sentensi ya mwisho imenifanya nitume hela ya ulinzi sasa hivi.

Mtoto wa Chumbageni

Mmesahau msiba. Kwetu Tanga umoja ulianza kwa taa za barabarani, tukapata tatu. Akafariki mzee mmoja, mtu akasema "si hela ipo, tumzike mwenzetu kwa heshima". Nani atakataa msiba? Tukatoa. Akafariki mwingine, naye akatolewa, kidogo kuliko wa kwanza kwa kuwa salio lilikuwa dogo. Familia ya pili ikaona imedharauliwa. Taa ya nne mpaka leo haijawekwa na familia hizo hazisalimiani na kamati.

Mama Daftari

Pole sana mdogo wangu. Hilo ni la kila mahali, na dawa yake ni daftari la pili. Mfuko wa kufa na kuzikana uwe peke yake, na wanachama wake, na kiwango cha kutoa kilichoandikwa kabla hajafa mtu: mwanachama kiasi gani, mwenza wake kiasi gani, mzazi, mtoto. Ukishaandikwa, maskini na tajiri wanapata sawasawa. Ambaye hakujiunga mnamchangia kwa hiari kwa kupitisha kapu, hela inayopatikana inakwenda yote kwake, haipiti kwangu kabisa. Ya taa ibaki ya taa.

Bwana Sheria wa Kona

Mawili ya haraka.

Mnaobandika kwenye kundi majina na namba za wasiolipa, pamoja na picha za nyumba zao, acheni. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi. Mama Daftari ameandika "kaya ambazo bado: 9", bila majina. Hivyo ndivyo. Anayedaiwa afuatwe mlangoni kwa heshima, na mtu mmoja, tena anayeelewana naye.

La pili, kusajili. Umoja mdogo wa kuzibua mtaro unaweza kuishi kwa katiba ya kurasa tatu na barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Benki nyingi zitawataka hivyo viwili pamoja na muhtasari wa kikao kilichochagua watia saini. Mkianza kuajiri, kumiliki kiwanja, au kutaka kushtaki na kushtakiwa kwa jina lenu, basi msajiliwe. Kwa jumuiya Msajili yuko Wizara ya Mambo ya Ndani, na kabla ya hapo ongeeni na afisa maendeleo ya jamii wa kata, hiyo ni kazi yake na ushauri wake haulipiwi. Katiba yenu isisahau muda wa uongozi. Miaka miwili au mitatu, ukomo vipindi viwili. Mwenyekiti mzuri wa kudumu ndiye huyo huyo atakayekuwa mbaya baadaye, na hamtakuwa na kifungu cha kumtolea.

Kifusi Mbili

Mkuu mleta uzi, vikao mnavifanyaje? Sisi tukiitisha saa nane watu wanakuja saa kumi, kinaisha saa moja usiku, mambo hayajaamuliwa, watu wamegombana kuhusu mbuzi.

Mkazi wa Bondeni

Hahaha, mbuzi kwetu ni ajenda ya kudumu.

Kikao kikubwa mara nne kwa mwaka, basi. Saa kumi jioni Jumapili: walioenda kanisani wameshakula, alasiri imeshaswaliwa, na jua limepungua. Kabla ya kutangaza tarehe mtu anaangalia ratiba ya ligi, maana ukigongana na Simba na Yanga umejialika peke yako. Ajenda ni tatu tu na zinatumwa siku tatu kabla. Ya kwanza siku zote ni hesabu, inasomwa watu wakiwa bado na utulivu. Mengineyo yana dakika kumi na tano mwishoni, na mbuzi anaingia humo.

Uamuzi wowote unaandikwa na jina la mtu pembeni. "Tumekubaliana mtaro uzibuliwe" haina mwenyewe. "Mtaro uzibuliwe kabla ya mwisho wa Februari, msimamizi baba fulani" ina wa kuulizwa. Tunazibua Februari kwa ajili ya masika na Septemba kwa ajili ya vuli. Kikao kijacho kinaanza kwa kusoma majina hayo. Hakuna anayekaripiwa, jina linasomwa tu na msomaji ananyamaza kidogo. Watu wazima hawapendi ule ukimya.

Kundi la WhatsApp tumegawa mawili. Moja linaandikwa na viongozi pekee: hesabu, taarifa, dharura. La pili ni la soga, huko viwanja na dawa ruksa. Kundi la kwanza likiwa na ujumbe watu wanafungua kwa sababu wanajua kuna jambo.

Jirani wa Geti

Nimechelewa lakini nina kesi ya sasa hivi. Umoja wetu umeweka geti la chuma kwenye njia ya mtaa baada ya wizi wa betri za magari. Linafungwa saa nne usiku. Upande wa nyuma kuna wakazi hawamo kwenye umoja wala hawachangii, wanasema tumewafungia barabara. Juzi mama mmoja wao alishikwa na uchungu saa nane usiku, bajaji ikazuiwa mpaka mwenye funguo aamshwe. Alijifungua salama hospitali, lakini sasa wanataka kulivunja geti na mwenyekiti wa mtaa ameitisha kikao Jumamosi. Tuwajibu nini?

Kodi Nalipa

Hapo hakuna cha kujibu. Vunjeni.

Bwana Sheria wa Kona

Mna kibali cha maandishi? Njia ikiwa ya umma, kutokuchangia kwao hakuwaondolei haki ya kupita. Kama hamna kibali, Jumamosi msiende kubishana, nendeni kuomba mfumo mwingine.

Mgambo Mstaafu

Na zimamoto je? Mmewahi kufikiri gari lao likija kwa simu ya 114 linapitaje hapo? Pimeni upana wa geti kabla ya Jumamosi.

Jirani wa Geti

Kibali hatuna, tulikubaliana kwenye kikao chetu tu. Upana sijui, nitapima.

Mkazi wa Bondeni

Basi mkuu nenda na pendekezo mkononi, lisiwe la kujitetea. Kufuli liondolewe kabisa usiku, geti lirudishwe tu kwa komeo na mlinzi akae palepale, amfungulie kila anayepita, mwanachama na asiye mwanachama, aandike namba ya chombo na saa. Mwizi wa betri anaogopa kuandikwa kuliko anavyoogopa chuma. Halafu waombeni watu wa nyuma watoe wajumbe wawili waingie kwenye kamati kuanzia siku hiyo, kabla hawajachangia hata shilingi. Mchango waulizwe mwezi unaofuata, baada ya kuona picha ya daftari. Na yule mama aliyejifungua, mtu wa kamati aende kumpa pole na hongera kabla ya Jumamosi, asiende na kipaza sauti wala kamera.

Jirani wa Geti

Nimepima. Mita mbili na nusu. Lori halipiti.

Mgambo Mstaafu

Hapo nguzo moja ing'olewe hata kama kibali kipo.